Uzi maalum: Kupima pumzi kwenye baiskeli bila kuua raha ya kunyonga

Kaskazi_Kusi (mleta uzi, Dar es Salaam)

Wakuu salaam.

Kwenye magrupu ya baiskeli kuna swali halikauki: "Nanyonga mwaka wa pili huu, mbona bado naachwa palepale?" Majibu huwa mawili. Mmoja atasema nunua mita ya wati, kile kifaa cha kupima nguvu unayoikanyagia pedeli, yaani ukatumie hela inayokaribia bei ya bodaboda iliyotumika. Mwingine atasema ongeza kilomita. Hakuna anayemuuliza mwenye swali: umejuaje kwamba hujapanda kiwango? Na siku zako za kunyonga zikoje?

Nikitazama wengi wetu, siku zote zinafanana. Mtu akitoka getini tu, ligi. Bodaboda akimpita, ligi. Mzee wa watu na Phoenix yake na gunia nyuma akimsogelea, ligi. Kila siku mwendo uleule wa katikati, mkali kiasi cha kukuchosha na laini kiasi cha kutokujenga. Baada ya miezi kadhaa hamu inakata na baiskeli inaanikiwa nguo.

Msimamo wangu: pima mara chache, pima sehemu ileile, kisha siku nyingine zote nyonga kwa raha zako. Naeleza kwa mazingira yetu, maana maelekezo mengi ya nje yanamfikiria mtu aliyejifungia ndani na mashine ya kunyongea, feni na taulo.

KWANZA TUACHE KUJIPIMA KWA SPIDI YA TAMBARARE

Mtu anatoka Tegeta mwezi wa saba, anaingia Bagamoyo na wastani wa kilomita 32 kwa saa, anatupia picha ya Strava, ile programu ya simu ya kurekodi safari, tunampigia makofi. Kusi ilikuwa mgongoni. Januari anarudia njia hiyohiyo, kaskazi inamkabili usoni, wastani unaporomoka, anaanza kuulizia vidonge vya kuongeza damu. Mwili ni uleule, upepo ndio umegeuka.

Kwenye tambarare, ukishachanganya mwendo, kazi yako kubwa ni kuisukuma hewa. Nguvu inayotakiwa kuishinda hewa inakua haraka kuliko spidi yenyewe: ukitoka 30 kwenda 36 kwa saa umeongeza spidi kwa asilimia 20, lakini nguvu unayoitoa dhidi ya hewa imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Hapo sijagusa suala la kujificha nyuma ya mwenzako, wala lori linalopita na kukuvuta mita mia mbili za bure. Wastani wa spidi wa safari nzima haukwambii lolote kuhusu mapafu yako.

Pima kwenye mwinuko. Kupanda mlima spidi ni ndogo, hewa haina kauli, unabaki wewe na uzito wako. Tafuta kipande kisicho na matuta, makutano wala kituo cha daladala, kikuchukue dakika tano hadi ishirini. Dar vipande vya hivyo ni vichache na vifupi. Pugu au Goba utapata vya kukutosha kama si mchaguzi. Panda kwa nguvu unayoweza kuishikilia mpaka juu, andika muda. Rudia baada ya wiki sita au nane, baiskeli ileile, upepo wa tairi uleule, saa ileile ya asubuhi. Alfajiri ndiyo nzuri, kwa sababu jua likishachomoza moyo unadunda zaidi kwa kazi ileile, damu inagawanywa kati ya miguu na ngozi inayojipoza.

Mwenye saa ya kupima mapigo ana kipimo kingine. Pasha misuli vizuri, halafu nyonga dakika 30 peke yako kwa juhudi ya mashindano. Dakika kumi zikitimia bonyeza kitufe cha mzunguko (lap) ili saa ianze hesabu mpya. Wastani wa mapigo ya dakika 20 zilizobaki ndio mpaka wako. Ukiuvuka, kinachofuata ni kuhesabu dakika kabla pumzi haijakata. Kuanzia hapo achana na kile kikokotoo cha 220 toa umri. Kile ni wastani wa umati, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 20 bila yeyote kuwa mgonjwa.

Wenye mita ya wati mnajua mambo yenu: dakika 20 za kujitoa, wastani wake zidisha kwa 0.95, hizo ndizo wati za mpaka wako. Au kile kipimo cha ngazi, wati zinaongezwa kila dakika mpaka miguu igome, halafu unachukua asilimia 75 ya dakika yako bora ya mwisho. Hiki cha pili kinawapendelea wenye miguu ya kulipuka. Kama wewe ni wa mwendo mrefu kinaweza kukupunja, usikatishwe tamaa na namba yake.

Naomba kuwasilisha. Mazoezi yenyewe nitayaleta chini, kwanza nisikie wadau.

---

KichwaNgumu

Mleta uzi umeshiba. Babu zetu wamebeba mkaa kutoka porini mpaka mjini kwa baiskeli isiyo na gia, gunia mbili, kamba na nondo. Nani aliwapima mapigo? Baiskeli ni chombo, mnaigeuza maabara.

---

FundiSpoki (Morogoro)

KichwaNgumu umenichekesha, ila wabeba mkaa wana kipimo kikali kuliko cha mleta uzi. Ukichelewa sokoni bei imeanguka. Huo ndio mtihani wao wa kila siku.

Mimi nina neno la upande wa ufundi. Kabla hujaupima mwili, pima chombo. Wananijia vijana wanalalamika pumzi, nikiinua gurudumu la nyuma nalizungusha, halifiki mizunguko miwili, breki imekumbatia ringi. Cheni kavu inalia kama panya. Tairi limejazwa upepo kwa kubonyeza kidole. Hapo utapima nini?

Na siti! Watanzania tunakaa chini mno, tunataka miguu yote miwili iguse ardhi tukisimama. Panda baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Goti linatakiwa linyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litakuwa na mkunjo mdogo, ndio huo unaotakiwa. Kuna watu wamepandisha siti tu na muda wao wa mlimani ukashuka wiki hiyohiyo, bila zoezi lolote.

---

Mchaga_wa_Machame

Sisi huku hatuna shida ya milima, tunaomba tambarare 😂. Njia panda ya Machame ukianza kupanda, hupumziki mpaka migomba ikuzunguke pande zote.

Niongezee kitu kwa wasio na mita ya wati. Mlima ukishakuwa mkali kiasi, unaweza kukadiria wati zako kwa hesabu ya kidato cha tatu. Chukua uzito wa jumla: wewe, baiskeli, chupa za maji, nguo. Zidisha kwa 9.81, zidisha kwa mita ulizopanda kwenda juu (si urefu wa barabara), gawanya kwa sekunde.

Mfano: mtu wa kilo 72, baiskeli na mizigo kilo 13, jumla 85. Amepanda kimo cha mita 300 kwa dakika 20. 85 × 9.81 × 300 ÷ 1200 inakupa wati 208. Hizo ni za kuinua uzito tu. Ongeza asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya msuguano wa tairi, cheni na hewa kidogo, unapata kama 230 hadi 240. Gawa kwa kilo zake 72, ni kama wati 3.2 au 3.3 kwa kilo. Kwa mtu anayekwenda kazini na ana watoto, hiyo si haba hata kidogo.

Kimo unakipata kwenye ramani za simu. Kinaweza kukosea, ila kama mlima ni uleule, kosa nalo litakuwa lilelile kila mara, kwa hiyo maendeleo utayaona.

---

Ngong_Juu (Nairobi)

Uzi moto sana huu. Mimi niko Nairobi, kwetu mlima ni Ngong.

Huyo wa wati kwa kilo amenikumbusha Chris Froome, bingwa wa mbio za baiskeli. Alizaliwa Nairobi 1985, akajifunza kuendesha na David Kinjah huko Kikuyu kabla ya kwenda Afrika Kusini na Ulaya. Mwaka 2007 alipimwa Aigle, Uswisi, kwenye kituo cha shirikisho la baiskeli duniani. Nguvu ya mpaka wake ilikuwa wati 420, uzito kilo 75.6. Mwaka 2015, akiwa ameshinda mbio kubwa za Tour de France mara mbili, alipimwa tena London: wati 419, kilo 69.9. Miaka minane, injini ni ileile kabisa! Kilichobadilika ni uzito, na mengine yasiyoonekana maabara: kukaa kwenye kundi, kula njiani, kujua lini ushambulie na lini utulie.

Sisemi watu wafe njaa. Huyo ni mtaalamu aliyekuwa na daktari na mpishi. Ukijinyima ugali halafu uende kupanda Ngong utakutana na giza saa nne asubuhi. Nasema tu namba ikisimama, usidhani wewe umesimama.

Swali langu: nikishuka Mombasa najisikia simba, jamaa zangu wa Mombasa wakija huku wanakohoa. Watu wa namna hii walinganisheje?

---

Kaskazi_Kusi

Ngong_Juu, hizo za 2007 na 2015 ndizo nilizokuwa nazitafuta, ahsante.

Kuhusu kimo cha nchi: msilinganishe kabisa. Nairobi iko kama mita 1,800, oksijeni katika kila pumzi ni pungufu, mtu wa pwani atapoteza asilimia kadhaa ya nguvu yake mpaka azoee. Ila hewa hiyohiyo nyepesi inapasuka kirahisi mbele ya baiskeli, ndiyo sababu Mbelgiji Eddy Merckx mwaka 1972 alisafiri mpaka Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu, kuvunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja: kilomita 49.431. Leo rekodi ni ya Mwitaliano Filippo Ganna, 56.792, aliiweka Oktoba 2022 Grenchen, Uswisi, sehemu ya chini kabisa ukilinganisha. Vifaa na mkao vimefanya kazi ambayo zamani iliachiwa milima. Kila mtu ajilinganishe na yeye mwenyewe, kwenye mlima wake.

KichwaNgumu, hoja yako naiheshimu kuliko unavyodhani. Mbeba mkaa ananyonga masaa mengi kwa mwendo wa taratibu chini ya mzigo, na hiyo ndiyo sehemu ya mazoezi tunayoikwepa. Na hapo niingie kwenye mazoezi.

Kuna mtafiti anaitwa Stephen Seiler, Mmarekani aliyehamia Norway. Alichunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa pumzi wanavyogawa mazoezi yao, wakimbiaji, wapiga makasia, waendesha baiskeli. Karibu asilimia 80 ya vipindi vyao vilikuwa rahisi. Rahisi kweli, ya kupiga soga. Asilimia 20 ndiyo kali, nayo ilikuwa kali haswa. Sisi tumegeuza: hakuna rahisi, hakuna kali, kila siku ni katikati.

Kwa mtu anayetoka mara nne kwa wiki, kipindi kimoja kikali kinatosha kuanzia, kwa wenye miguu iliyozoea ni viwili, na kati yake siku moja ya kupumzika au kunyonga kama unaenda dukani. Kwenye kipindi kikali, nachokipenda mimi ni dakika nane mara nne. Unanyonga dakika nane kwa nguvu ambayo huwezi kuongea zaidi ya neno moja moja, unapumzika dakika mbili au tatu, unarudia. Seiler na wenzake waliwajaribu waendesha baiskeli wa kawaida, wengine dakika nne mara nne kwa nguvu zaidi, wengine nane mara nne, wengine kumi na sita mara nne kwa nguvu pungufu. Waliopiga nane mara nne ndio walioongezeka zaidi. Sababu inaeleweka: ni kali vya kutosha, na ni ndefu vya kutosha, na hujiharibii ya mwisho kwa kujimaliza kwenye ya kwanza.

Siku rahisi, kipimo ni mdomo. Ukishindwa kumsimulia mwenzako habari nzima ya harusi uliyohudhuria, pamoja na nani alivaa nini, punguza. Akikupita mzee wa Phoenix mwache aende. Hili la kumwacha aende ndilo gumu kuliko dakika nane.

---

Dada_wa_Paje (Unguja)

Nimesoma kimya kimya ila hapa lazima nichangie.

Kaka Kaskazi_Kusi, kinachoua raha si kipimo, ni makundi yenu. Mnatangaza "ride ya amani, wote karibuni", kilomita ya kumi mmeshapotea, mtu unabaki peke yako na mbwa wa watu. Mwanamke anayeanza akifanyiwa hivyo mara mbili harudi tena, na mimi simlaumu. Sisi huku tumeweka utaratibu: kwenda ni mwendo wa aliye nyuma, na hakuna mjadala. Kurudi, kuna vituo vitatu ambapo wenye nguvu zao wanaruhusiwa kukimbizana mpaka kibao cha kijiji kinachofuata, kisha wanageuza kuturudia. Wanapata ukali wao, sisi tunapata ulinzi, na wote tunakutana kwenye urojo.

Sasa swali. Huku kwetu hakuna mlima, upepo ndio mwenyeji. Nikienda na kurudi njia moja, upepo si unajilipa wenyewe?

---

Kaskazi_Kusi

Dada, umetupiga na tumestahili. Huo utaratibu wa vibao nauiba. Mbio fupi za kibao kwa kibao ni mazoezi makali kamili, tofauti ni kwamba watu wanacheka.

Upepo haujilipi wote. Ukienda dhidi yake unatumia dakika nyingi, ukirudi nao unatumia chache, kwa hiyo muda ulioupoteza ni mwingi kuliko ulioufidia. Mfano: kilomita 10 kwa 20 kwa saa ni dakika 30, kurudi kwa 40 ni dakika 15. Jumla dakika 45 kwa kilomita 20, wastani 26.7, wakati siku isiyo na upepo labda ungepata 30. Kwa hiyo Unguja nisingeangalia muda. Ningeshikilia kile kipimo cha mapigo cha nusu saa, alfajiri kabla upepo haujaamka. Na wenye mashine ya ndani ya kufunga baiskeli, hapo ndipo inapolipa, maana kwenye mashine hakuna kusi wala kaskazi. Weka feni tu, bila feni utapima joto.

---

Ngong_Juu

Dada wa Paje amesema ukweli mtupu. Halafu mkumbuke Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani, mara ya kwanza Afrika. Wanaume walikwenda kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, Mslovenia Tadej Pogačar akaondoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, na wengi wa walioanza hawakumaliza. Hao ni watu wenye wati za kutisha. Lakini kando ya barabara, pale kwenye kile kipando cha mawe wanachokiita Ukuta wa Kigali, watu wenye baiskeli za kubebea ndizi walikuwa na furaha kuliko hao wote.

---

Mzee_Kaptura (Tanga)

Vijana shikamooni kwa uzi, nami naitikia marahaba mapema 😄. Nina miaka 58, natumia dawa ya presha, daktari ameniruhusu baiskeli. Nimependa mambo ya kupima lakini hiyo nusu saa ya kujitoa naiogopa. Ndoto yangu ni kupanda Mombo mpaka Lushoto siku moja, bila kushuka. Nijipimeje?

---

Kaskazi_Kusi

Shikamoo mzee wangu.

Usifanye kipimo cha kujitoa. Na mwulize daktari jambo moja: dawa yako ni ya aina gani. Baadhi ya dawa za presha zinapunguza mapigo ya moyo makusudi, kwa hiyo mapigo ya vitabuni hayatakuhusu, hata yale ya vijana wa humu hayatakuhusu. Muulize ni mapigo mangapi usiyavuke.

Kipimo chako kinakuwa cha kinyume. Badala ya kunyonga kwa nguvu zote na kuangalia muda, unashikilia mapigo ya chini aliyokukubalia, tuseme ni 115, kwa nusu saa, kipande kilekile, asubuhi tulivu. Unaangalia umefika wapi. Baada ya wiki kadhaa, kwa 115 zilezile, ukifika mti wa mbele zaidi, umepanda kiwango. Hujatoa jasho la hatari, na unaweza kurudia hata kila wiki mbili kwa sababu hakikuchoshi.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 na unapanda karibu mita elfu moja, kona juu ya kona, lakini mwinuko wenyewe si wa kikatili. Kinachowaua watu pale ni kuanza kwa kasi chini kwenye joto. Tafuta fundi akubadilishie gia ndogo ya nyuma yenye meno mengi, 32 au 34 kama baiskeli inapokea, ili miguu izunguke haraka bila kusukuma. Simama Soni, mji wa njiani, kunywa chai, kula ndizi. Kusimama Soni si kushuka, nani atakuhukumu.

---

Mzee_Kaptura

Ahsante sana mwanangu. Saa ya mapigo sina, na mkanda wa kifuani sijui unauzwa wapi.

---

Mchaga_wa_Machame

Mzee, vidole viwili shingoni pembeni ya koromeo, upande mmoja tu, usibonyeze sana. Bora zaidi kwenye kifundo cha mkono. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Ila hesabu haraka ukishasimama, mapigo yanashuka ndani ya sekunde chache, na simama nje ya lami kabisa, malori ya Tanga hayajui kama unajipima.